Mguu Ulipona, Wayo Ukabaki Upogo

Nliona kwenye maji ya udhu. Msikiti ninaosalia mimi huku Mji wa Kale, Mombasa, kutoka kwenye birika mpaka mlango wa ndani kuna vigae vya kijivu, ukitoka kutawadha na miguu mibichi waacha alama kila hatua, sasa siku hiyo adhuhuri nikawa mtu wa mwisho kutoka, nikageuka kuangalia kama nimesahau kofia pale birikani ndio nikaziona nyayo zangu mwenyewe zimejipanga nyuma yangu. Wa kushoto waenda mbele sawasawa. Wa kulia umetoka nje, vidole vyaelekea ukutani, na pale katikati ambapo wa kushoto una ule upinde mkavu usiogusa chini, wa kulia umelowa wote, bapa, kama wayo wa mtu mwengine kabisa. Nikasimama nikaziangalia mpaka zikaanza kukauka. Iqama ishasomwa ndani na mimi bado niko pale nje.

Miaka miwili nlikuwa najua mguu haukai sawa lakini sikuwahi kuuona vile wanavyouona watu. Naandika haya kwa sababu najua kuna mwenzangu huko amevunjika, ameambiwa mfupa umeshika, ameruhusiwa, na kila akitembea aona kuna kitu hakijakaa mahali pake na hana wa kumuuliza.

Mimi ni fundi cherehani, napinda leso na kushona madera huku Biashara Street, barazani, cherehani ya kukanyaga ya chuma aloniachia marehemu babangu. Mwaka 2021 mwezi wa sita nlikuwa nimepakiwa boda natoka Kongowea, tumeshavuka daraja la Nyali twaingia upande wa Buxton, tuktuk ikakata mbele yetu bila taa bila ishara, mguu wangu wa kulia ukabanwa baina ya boda na ubavu wa tuktuk. Mifupa miwili ya muundi yote ikakatika, ule mkubwa wa mbele na ule mwembamba wa pembeni. Yule kijana wa boda alichubuka mkono tu, alhamdulillahi, na ndiye alovua shati lake akanifunga nalo mguu.

Nilitiwa chuma ndani ya mfupa, yani fimbo ndefu ya chuma inaingizwa kutokea chini ya goti inashuka ndani ya mfupa mpaka karibu na kifundo, alafu inakazwa kwa skrubu juu na chini. Ni kazi kubwa na iliniokoa, sisemi vyengine. Miezi minne magongo, alafu gongo moja, baada ya miezi sita eksirei ikaonyesha mfupa umeshikana. Nikaambiwa umepona, nenda kazini. Na kweli mfupa ulikuwa umepona. Hakuna alonilaza akalinganisha mguu huu na mwenziwe, na mimi sikujua kuwa hilo ni swali la kuuliza.

Nikarudi barazani. Sasa kwa asiyejua cherehani ya kukanyaga, kile kikanyagio ni kama sahani ya chuma yenye matundu, miguu yote miwili yakaa pale, na upande wa kulia chini kuna lile gurudumu kubwa linalovuta mkanda. Mguu wangu wa kulia nikiuweka, kisigino chakaa ndani ya sahani lakini vidole vyatoka nje vyaenda kulisugua gurudumu. Siku ya kwanza kucha ya kidole kidogo ikang'oka nusu. Basi nikafanya ambalo nadhani kila mtu angefanya, nikaulazimisha. Naukaza wayo uingie ndani, nausukuma na ule wa kushoto, naushikilia pale kwa nguvu huku nashona. Nikitembea hivyo hivyo, kila hatua naipindua iangalie mbele, mtu akinipita njiani asione kitu. Nyumbani kwenye kioo cha kabati nafanya mazoezi ya kutembea sawa. Miaka miwili nzima, kila siku, toka alfajiri mpaka nilale.

Wayo haukunyooka. Kilichotokea ni kuwa goti likaanza. Kwanza upande wa ndani wa goti, maumivu ya kuchoma nikipanda ngazi, alafu nyonga, alafu kiuno cha kushoto ambacho hakikuwa na kesi yoyote. Jioni nikifunga kazi siwezi kunyanyuka kibaoni mpaka nishike ukuta. Watu wananambia ni uzee, nina miaka 41. Wengine wananambia ni baridi ya chuma, chuma kile chavuta baridi. Nikawa nameza dawa za maumivu kama njugu, na hilo nawaambia kwa dhati msilifanye, tumbo langu lilinionyesha.

Mamangu akanipeleka kwa mkandaji mmoja, mzee wa watu, mikono yake ina baraka, kwa mafuta ya nazi alonipashia moto na karafuu. Msuli wa shavu la mguu ulilegea kweli, ile usiku nikalala. Lakini siku ya tatu akaushika wayo na kifundo akataka kuuzungusha urudi ndani, nikapiga kelele mpaka mamangu akaingia chumbani, na kifundo kikavimba wiki nzima. Simlaumu, alitaka kunisaidia. Ila mfupa uloshikana na una chuma ndani yake haugeuki kwa mikono ya mtu, ataugeuza yeye wapi, atakachozungusha ni kifundo, na kifundo hakikuwa na kosa. Mkandaji mzuri akulegezee nyama, mfupa na viungo amwachie daktari.

Baada ya ile siku ya udhu nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Binti mdogo, umri wa mpwa wangu, aniita ami. Sikutegemea kitu kikubwa, nlidhani ntapewa mazoezi ya kunyoosha wayo. Akaniambia nivue viatu nitembee kwenye korido, niende nirudi, yeye hakuangalia miguu, aliangalia magoti. Akaniambia, "Ami, sasa usijikaze. Tembea kama uko peke yako nyumbani."

Nikaachia. Mara ya kwanza kwa miaka miwili nikaachia mbele ya mtu. Vidole vikatoka nje hivyo, na yeye akasema, "Ona sasa goti laangalia mbele. Ulivyokuwa wajikaza lilikuwa laangalia mwenziwe."

Alafu akanilaza kitandani kifudifudi, akakunja magoti yote mawili nyayo zikaangalia dari, akapiga picha kwa simu yangu kutokea juu. Nnayo mpaka leo. Wayo wa kushoto umetoka nje kidogo tu ya mstari wa paja, ndivyo watu wengi walivyo, hata mguu mzima huwa watoka nje kiasi. Wa kulia umefungua kama mlango. Hapo hakuna kujikaza, hakuna kutembea, ni mfupa wenyewe unavyosema. Akanieleza hivi, na ni maneno niliyotaka mtu anieleze mwaka 2021: mfupa ukikatika vipande viwili, kipande cha chini chaweza kuzunguka kwenye mhimili wake kama kifuniko cha chupa, na kikikazwa skrubu kikiwa kimezunguka ndivyo kitakavyoshikana. Eksirei ya mbele yaonyesha mfupa umenyooka wima, chuma kiko katikati, kila kitu kizuri, kwa sababu eksirei yaona kupinda lakini kuzunguka huko kwaipita kirahisi. Kinachopima vizuri ni skani ya miguu yote miwili, wanalinganisha juu ya muundi na chini yake, huu na huu.

Kwa hivyo ule mzunguko hauko kwenye wayo, wala kifundoni, uko muundini. Nikilazimisha wayo uangalie mbele, ule mfupa wote wazunguka na goti laenda nao ndani, nyonga yafuata, na kiuno chakamata mzigo. Miaka miwili nlikuwa nahamisha kosa kutoka mahali lilipo nalipeleka gotini.

Nililia njiani kurudi nyumbani, sioni haya kusema.

Skani nikafanya baada ya kuchanga pesa miezi miwili. Tofauti ya mguu na mguu digrii 19. Madaktari wengi wakiona zaidi ya digrii 10 wanahesabu ni kasoro. Na mguu wa kulia umekuwa mfupi kwa sentimita 1 na nusu hivi, hilo fizio alikuwa ashalijua kabla ya skani kwa kuniwekea vibao vyembamba chini ya wayo kimoja juu ya kimoja mpaka nyonga zikawa sawa. Chini ya sentimita 1 watu wengi hata hawajui kama wanayo. Mimi nlikuwa nimepita hapo.

Sasa jambo lililonipa moyo ni hili. Sio digrii zote nilizokuwa natoka nje zilikuwa za mfupa. Nyengine zilikuwa za msuli. Akaniambia nisimame mbele ya ukuta, nisogeze goti liguse ukuta bila kuinua kisigino, alafu nirudishe wayo nyuma kidogo kidogo mpaka nisiweze tena. Wa kushoto nilifika sentimita 11 baina ya kidole gumba na ukuta. Wa kulia 4. Yani kifundo hakikunji, kano ya kisigino na shavu la mguu vimekaza tangu wakati wa magongo, na mtu ambaye kifundo chake hakikunji hawezi kupitisha mwili juu ya wayo, basi auzungusha wayo nje apite kwa pembeni, apita juu ya ule upande wa ndani, na ndio upinde ukalala na alama yangu ya maji ikawa bapa. Hiyo ni sehemu yangu, naweza kuifanyia kazi. Ya mfupa nimwachie mwenye kisu.

Kila siku baada ya alfajiri, ukutani, mguu wa kulia nyuma goti limenyooka kisigino chini, nusu dakika mara tatu, alafu goti nimelikunja kidogo kisigino bado chini, nusu dakika mara tatu. Ile ya goti lililokunjwa watu waisahau na ndio inayofikia ule msuli wa chini zaidi. Alafu nalala kwa ubavu wa kushoto nainua mguu wa kulia, polepole, ili nyonga ipate nguvu ya kunibeba bila mwili kuyumba. Alafu nasimama mguu mmoja karibu na kabati. Mwisho nasimama nakusanya wayo, navuta ule upinde ujikunje juu bila kukunja vidole, hili lilinichukua wiki tatu kulielewa, mwanangu wa mwisho alikuwa akilala chini sakafuni kuniangalia upinde aniambie, "Baba umepanda!" Miezi mitano ile sentimita 4 ikawa 8. Dawa za maumivu nikaacha mwezi wa pili wa mazoezi.

Kiatu ni hadithi yake. Fizio alinielekeza APDK kule Port Reitz, hawa watu wanaohudumia walemavu tangu zamani, nikatengenezewa kipande cha kuweka ndani ya kiatu, kigumu kiasi, chashikilia upinde wa wayo usilale na kina kimo kidogo kisiginoni. Ndani ya kiatu huweki zaidi ya sentimita 1, ukizidisha kisigino chachomoka kiatuni kila hatua. Kilichobaki lazima kiende nje kwenye soli. Hapo nikaenda kwa fundi viatu wangu, mzee mmoja karibu na Marikiti, ana kibanda kidogo chini ya ngazi na ana macho mabovu lakini mikono yake yaona.

Nilimtolea zile moka zangu nyeusi. Hakuniuliza kitu. Alizigeuza soli akaziweka pamoja kwenye mapaja yake akapitisha kidole gumba pole pole. Kiatu cha kulia kisigino kimeliwa upande wa nje kabisa, na mbele kimeliwa chini ya kidole gumba, kimekuwa chembamba mpaka waona uzi. Cha kushoto kimeliwa sawa sawa. Akasema, "Yakhe, wewe watua nje waondokea ndani. Mguu huu ulivunjika?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Nimewashonea wengi."

Tulikubaliana asiweke kimo chote siku moja, mwili uliozoea miezi na miezi kukaa upande hauwezi kunyanyuliwa ghafla, kiuno kitalalamika. Alianza na nusu ya mpira ule wa sponji nzito, akaubandika soli nzima kutoka kisigino mpaka mbele, sio kisigino peke yake, kwa sababu kisigino peke yake ni kama kuvaa kiatu cha kike mguu mmoja, wayo wateleza mbele na ile kano yazidi kukaza. Mbele kwenye vidole akaichonga ikapanda mviringo, ili kiatu kibiringike chenyewe nikiondoa mguu. Ile nimetoka kibandani nikapiga hatua kumi za kwanza pale kwenye ukumbi wa maduka nikahisi mtu amenishika kiunoni akaninyanyua. Wiki sita baadaye akaongeza safu ya pili.

Na nyumbani? Mtu waishi bila viatu huku kwetu, ndani hakuingii kiatu. Nimetengenezewa kandambili za ndani tu, ya kulia ina mpira chini, mke wangu alizikata mkanda akazishonea kitambaa cha dera zisinichubue. Ukisikia fizio akwambia vaa kimo chako muda wote, fikiria na saa unazokaa nyumbani, mimi nlikuwa nahesabu za barabarani peke yake.

Cherehani nilihangaika nayo zaidi ya kiatu. Mwisho nikaacha kuugeuza mguu nikageuza kibao. Nimekiweka mshazari, kimesogea kulia kidogo na mimi nimegeukia kushoto kidogo, kwa hiyo wayo wa kulia ukitoka nje kwa mfupa wake, unaangukia sawa na sahani. Mguu wa kushoto ndio sasa unaokaa mbele na kusukuma, wa kulia wakaa nyuma wafuatisha. Nimefunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye ukingo wa sahani, kisigino kipate pa kushika. Wiki ya kwanza mshono ulikuwa wenda kombo kwa sababu shingo haikuzoea kuangalia sindano kutoka pembe ile, nilifumua leso nne za wateja nikazipinda upya. Wiki ya tatu mkono ushajua.

Msikitini ndiko nlikokuwa nimebeba mzigo mkubwa na simwambii mtu. Imamu akisema nyoosheni safu, mimi naangalia chini naona vidole vya jirani vyote vyaelekea kibla na vyangu vya kulia vyaelekea kwake. Naukaza. Rakaa nne za isha nimeukaza, nikitoa salamu nyonga yawaka moto, sijui hata nimesoma nini. Kwenye kikao cha tahiyatu ule mguu wa kulia wafaa kusimamishwa vidole vikunjwe kuelekea kibla, siwezi, kifundo hakikubali, nikaanza kusali nyuma kabisa mahali watu hawanioni, alafu nikaanza kusali nyumbani.

Maalim akanitafuta mwenyewe. Alinikuta barazani nashona, akakaa kwenye gogo la kitambaa, nikamweleza yote mpaka ya skani. Akanisikiza, alafu akasema, "Mwanangu, nani alokwambia safu hupimwa kwa vidole? Watu nyayo zao si sawa, kuna mwenye wayo mrefu na mwenye mfupi, ukipima kwa vidole safu haitanyooka milele. Safu ni visigino na mabega. Kisigino chako kikiwa sawa na cha mwenzio wewe uko kwenye safu. Na kwenye kikao ulaze mguu vile unavyolala." Akanikumbusha ile hadithi ya Imran bin Husayn, Mtume s.a.w. alimwambia asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Nlikuwa naijua tangu chuoni. Sikuwahi kudhani ni mimi naambiwa.

Isha ile nilisimama safu ya pili. Kisigino kwa kisigino. Vidole nikaviacha.

Kuna mengine madogo. Feri ya Likoni, ule mteremko wa kushukia na kupandia ni mtihani kwa kifundo kisichokunja, hasa kupanda ukitoka ndani na watu wasukuma, mimi naacha wimbi lote la watu lipite, alafu napanda pembeni karibu na chuma cha kushika, kwa mshazari kidogo sio kwa kunyooka, mteremko wapungua. Dadangu yuko Likoni na sikumtembelea mwaka mzima kwa ajili ya ule mteremko tu. Mvua zikinyesha vichochoro vyetu huku vyateleza, navaa kiatu cha soli ya mpira hata kama ni kwenda dukani kununua maziwa.

Na bahari. Asubuhi Jumapili naenda Nyali maji yakiwa nusu, naingia mpaka kiunoni, hapo maji yabeba karibu nusu ya uzito wako, natembea ndani ya maji nusu saa wayo ukiwa umeachiwa, na navaa viatu vya plastiki kwa sababu ya wale viumbe wa baharini wenye miba. Kutembea mchangani mkavu ni tofauti, ufuo umeinama kuelekea majini kwa hiyo mguu mmoja wakaa juu na mwengine chini. Mguu wangu mfupi ni wa kulia, basi natembea bahari ikiwa kushoto kwangu, mguu mfupi upande wa juu, naona raha kabisa, kurudi napita ndani ya maji.

Kwa ambaye amevunjika juzi juzi na bado yuko kitandani, wewe ndiwe hasa ninayekuandikia. Mguu ukishafungwa, ukiwa umelala chali na magoti yaangalia dari, mwambie mtu akupige picha kutokea upande wa miguu. Nyayo mbili zalingana? Kama uloumia umefunguka sana nje au umeingia ndani kuliko mwenziwe, muulize daktari wiki hiyo hiyo, usingoje plasta wala magongo yaishe. Katika wiki za mwanzo mfupa haujashikana, daktari aweza kufungua skrubu za chini, kuzungusha, na kukaza tena, ni oparesheni ndogo kulinganisha na baadaye. Na kama wayo wako waanguka, yani huwezi kuinua vidole juu na waburuta ukitembea, hiyo si habari ya mzunguko wa mfupa, pale pembeni chini ya goti hupita mshipa wa fahamu unaoinua wayo na waweza kuumia, mwambie daktari wazi wazi. Na kidonda cha zamani kikianza kupata joto au kutoa maji hata baada ya miaka, usikikande, nenda.

Mimi sasa dawa yangu ya moja kwa moja ni kukatwa mfupa tena, ugeuzwe zile digrii, utiwe chuma kipya. Kuna na njia ya pete za nje, aliyoianzisha daktari Gavriil Ilizarov kule Kurgan, Urusi, miaka ya 1950, mfupa wakatwa na wavutwa milimita 1 kwa siku huku mfupa mpya ukijaza ile nafasi, kwa hiyo waweza kuzungusha na kurefusha pamoja. Kwangu mimi kurefusha ni kama siku 15 tu, lakini kuvaa pete mpaka mfupa mpya ukomae ni miezi, na baraza haitanisubiri miezi. Daktari aloniona na ile skani ni mtu mkweli, aliniambia kama goti lingekuwa lazidi kuharibika angenisukuma, lakini goti latulia, tutapima tena kila baada ya miezi sita. Nimefuatilia na SHA, ile bima ya afya ya serikali, wanachangia kiasi gani, na mke wangu ameanza kuweka pembeni za madera. Sijaamua. Kuna usiku nataka kesho asubuhi, na kuna usiku nakumbuka ile miezi minne ya magongo mwanangu akinisaidia kwenda chooni nanyamaza.

Jana nilikuwa na leso za harusi, jozi 40, za watu wa Kisauni, zatakikana leo kabla ya magharibi. Nilikaa kibaoni saa mbili asubuhi, nikainuka adhuhuri, nikainuka alasiri, nikamaliza ya mwisho saa kumi na moja na robo. Nikasimama bila kushika ukuta. Moka za kulia zishaanza tena kuliwa pale mbele, kidogo, mzee ameniambia nimletee Jumanne.